Sampuli ya Mia na Kumi na Tisa

Norrköping, Februari. Mto umeganda kingo zote mbili,
katikati maji meusi yanapita bado, hayaombi ruhusa.
Maabara yetu imo ndani ya kinu cha zamani cha sufu;
ukutani vingalipo vyuma vilivyobeba mikanda ya mashine,
na mama yake Gunvor alifumia humu miaka ishirini na miwili:
sikio lake la kushoto lilikufa kabla hajafika arobaini.

Gunvor ni mwenzangu wa meza. Hasemi sana.
Anadondosha wino wa buluu juu ya kioo,
kioo kinazunguka, wino unatandaa,
tunabaki na utando mwembamba kuliko ukungu wa pumzi dirishani,
na umeme unapita humo
kama habari mbaya inavyopita mtaani.

Shida ni kuuvuta.

Ukiuosha kwa asidi, minyororo yake hujipanga,
hukaa bega kwa bega kama askari wa gwaride,
na mita hutoa namba za kujivunia mbele ya wageni.
Sasa uvute. Kidogo tu, asilimia tano.
Kwenye darubini utaona ufa,
ufa wa pili ukizaliwa na wa kwanza,
hadi utando mzima ni tope la bwawa lililokauka.

Ukiutia glisirini, unalegea, unakuwa mtu wa watu,
unavutika nusu nzima ya urefu wake na hauweki kinyongo;
ila umeme unabisha hodi upande huu
na upande wa pili haitiki mtu.

Mshika mawili, moja humponyoka:
ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti ya Novemba,
kwa maneno marefu zaidi
na mchoro wenye rangi nne.

Gunvor aliisoma amesimama. Hakusema neno.
Jumamosi alikwenda kwa mama yake, aliyepigwa na kiharusi,
mkono wa kulia umefumba kama aliyeficha sarafu.
Akamweka nukta mbili za kalamu juu ya kifundo cha kidole,
akapima kidole kikiwa kimenyooshwa: milimita kumi.
Akakikunja polepole: kumi na nne.
Jumatatu akabandika karatasi juu ya meza yetu,
namba moja tu, arobaini, bila alama ya asilimia,
bila salamu.

Basi tulihangaika na arobaini.
Sampuli ya sitini ilipasuka. Ya themanini na tatu ilinyamaza.
Ya mia moja niliiangusha mwenyewe, tusiseme zaidi.

Ya mia na kumi na tisa ilikuwa ndani ya asidi
simu ya Gunvor ilipolia. Hospitali.
Akaichomoa kabla ya wakati wake, akaisuuza ovyo,
akaondoka na koti begani, glavu moja sakafuni.
Niliikuta jioni: madoa magumu yametawanyika kwenye ulaini,
visiwa, si nchi kavu, wala si bahari tupu.
Niliivuta kwa kuwa sikuwa na la kufanya.
Kumi. Ishirini. Thelathini.
Nyufa zilitokea, zikafika kwenye ulaini, zikachoka.
Kwa arobaini mkondo ulipungua nusu,
na nilipoiachia ukarudi,
si wote. Karibu wote.

Haishindi sampuli yoyote kwa lolote.
Katika jedwali langu ni ya pili kila safu.

Mama hakufa. Machi tulimvisha glavu,
ukanda wa buluu juu ya kifundo, nyaya mbili hadi kompyuta.
Gunvor akapiga magoti kando ya kitanda.
Kwa dakika sita mstari ulilala kwenye skrini
kama barabara isiyo na gari.
Halafu ukainuka. Kidogo sana, kama unywele.

Mzee akasogeza midomo, upande mmoja ukitangulia.
Tukainama wote wawili, mimi nimeshika kalamu.
Alisema kitu hicho kinamwasha.

Nimeliandika hilo pia daftarini, chini ya arobaini.